Kabla ya akili mnemba na blokicheni serikalini, tunyooshe kwanza daftari: niliyoyaona nyuma ya meza ya steshenari hapa Moshi

#1 FotokopiMoshi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina steshenari hapa Moshi mjini, huu mwaka wa tisa. Kompyuta tatu, mashine mbili za fotokopi, skana moja, na benchi la mbao pale nje ambalo saa mbili asubuhi huwa limeshajaa. Wengi hawaji kununua kalamu. Serikali imehamia mtandaoni na wao hawana kompyuta, basi wanakuja kwangu: cheti cha kuzaliwa cha RITA, namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA, leseni ya biashara kwenye mfumo wa Tausi, kusajili jina la biashara BRELA, mkopo wa mtoto aliyepata chuo, maombi ya ajira. Mfumo ukimkataa mtu, mimi ndiye niliyekaa naye uso kwa uso. Aliyeutengeneza yuko mbali, haoni.

Siku hizi ukifungua redio, ukienda semina, habari ni moja: akili mnemba (kompyuta inayojifunza na kuamua yenyewe) na blokicheni (daftari la kompyuta ambalo kilichoandikwa hakifutiki) ziingie kwenye huduma za serikali. Jambo hili naliombea mema, na papo hapo naliogopa. Ndiyo maana naandika.

Nianze na mema yake, maana ni haki yasemwe. Kabla ya 2017 ulikuwa unapeleka fedha taslimu dirishani, unaandikiwa risiti kwa mkono, na kama risiti ile imetoka kwenye kitabu cha pili kilichofichwa kwenye droo, utajuaje? Tangu kontroo namba, zile namba za kulipia serikalini, zianze, mama lishe wa Mbuyuni analipa kwa simu akiwa palepale kwenye jiko lake na ujumbe unarudi. Sijamsikia mteja hata mmoja akililia dirisha la zamani. Teknolojia ikikaa vizuri inamwondolea mnyonge mtu wa katikati.

Sasa niwape linaloninyima usingizi.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa Uru, mjane, umri umeshapita miaka 60. Anafuatilia mirathi ya mumewe ili apate fedha zilizobaki benki, asomeshe mjukuu. Karatasi zake amezifunga kwenye kitambaa ndani ya kikapu: cheti cha ndoa cha kanisani, cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi kumi na mbili, na kadi ya zamani ya kliniki ambayo nyuma yake ameandika kwa wino zile namba 20 za NIDA, kwa makundi makundi, asije akakosea.

Nikaingiza. Taarifa hazioani. Nikaingiza tena polepole, yeye akinisomea. Hazioani.

Nikapanga karatasi zote mezani, moja kando ya nyingine. Jina lake la Kichaga lina r katikati. Cheti cha ndoa kina r. Muhtasari wa ukoo una r. Kitambulisho kina l. Siku ya kuandikishwa alitamka jina lake, na kijana aliyekuwa anaandikisha, mgeni wa huku, akaandika alivyosikia. Herufi moja! Kwa herufi hiyo mama alikuwa ameshapanda na kushuka kwenda ofisi moja, siitaji, mara nne, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: "Mama, mfumo ndio unaokataa." Akaniuliza, naye hatanii, "Mwanangu, huo mfumo unakaa wapi nikauone?"

Sikuwa na jibu.

Siku hiyohiyo alitaka laini ya simu yenye jina lake, maana aliyokuwa akitumia ilisajiliwa kwa marehemu. Ninacho kimashine cha alama za vidole kwa kazi hiyo. Nikamfuta dole gumba kwa pamba yenye spiriti. Taa nyekundu. Kidole cha shahada, nyekundu. Tukahamia mkono mwingine, nyekundu. Nikaushika mkono wake nikautazama chini ya taa ya mezani: vidole vimelika, ngozi ya ncha imekuwa laini kama kokoto ya mtoni. Ni miaka ya kupalilia migomba, kuchuma kahawa, kukata majani ya ng'ombe. Kidole cha nane ndicho kilichokubali. Alishusha pumzi kama mtu aliyefaulu mtihani, wakati hakuna mtihani wowote aliopaswa kufanya. Yeye ni yeye.

Hoja yangu inatokea hapo. Akili mnemba inajifunza kutoka kwenye daftari tulilonalo. Daftari likisema l, itamkataa mama huyu kwa sekunde moja badala ya wiki mbili, na itawakataa wenzake elfu kabla ya chai ya saa nne. Blokicheni nayo inatunza kilichoandikwa kisiguswe. Italitunza kosa lile kwa heshima zote, na miaka 50 ijayo mjukuu atalikuta palepale. Zote mbili zinaongeza nguvu ya daftari. Hakuna hata moja inayouliza kama daftari linasema kweli.

Ninachoomba ni utaratibu wa hatua. Kwanza madaftari yasafishwe, tena kwa kumfuata mwananchi kijijini na mtaani, asiitwe yeye mjini. Pili, kila kukataliwa kuwe na sababu iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida na jina la afisa anayeweza kuulizwa. Baada ya hapo leteni mashine, nami nitakuwa wa kwanza kuwafundisha watu kuitumia.

Karibuni, hasa nyie mnaojua mambo ya ndani kuliko mimi.

#2 KiwanjaMuriet

Mkuu nimekusoma, na huyo mama ameniuma. Ila usitukatishe tamaa sisi wa viwanja.

Niko Arusha. 2019 nilinunua kiwanja nje kidogo ya mji, nikalipa mbele ya mashahidi, nikapewa karatasi ya mauziano yenye mhuri. Nikamwaga mawe na mchanga. Jumamosi moja nafika na fundi, nakuta mtu mwingine ameshachimba msingi, naye ana karatasi yenye mhuri uleule, tarehe yake imetangulia yangu kwa siku mbili. Tarehe ile iliandikwa baadaye, najua, lakini nitathibitisha vipi? Kitabu kilipofunguliwa, ukurasa wa wiki ile ulikuwa umechanwa. Mpaka leo bado nahudhuria baraza.

Ingekuwa blokicheni, tarehe isingerudishwa nyuma na ukurasa usingechanika. Georgia, ile nchi ya kando ya Bahari Nyeusi, walianza kazi hiyo na hati za ardhi 2016. Wao wameweza, sisi tunasubiri nini?

#3 FotokopiMoshi

Pole sana ndugu yangu. Na hapo kwenye tarehe na ukurasa uliochanwa uko sahihi kabisa, sina ubishi. Hiyo ndiyo kazi ambayo blokicheni inaijua kweli. Kwa kesi yako ningeitaka hata leo.

Ila tazama Georgia walianzia wapi. Wakala wao wa daftari la umma uliundwa 2004. Wakafanya kazi ya kuchosha ya kupanga madaftari, kubana rushwa kwenye madirisha, kuhamishia hati kwenye kompyuta. Blokicheni ilikuja miaka 12 baadaye, juu ya daftari ambalo watu walishaanza kuliamini. Honduras walitangaza mradi wa namna hiyo 2015 wakiwa na kampuni ya Marekani. Ulikwama kabla haujafika popote. Teknolojia ni ileile, udongo ndio tofauti.

Nikupe mfano wa huku kwetu. Mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, ni masale. Mmea ule hata ukiukata unachipua tena, na haupandwi kimyakimya: wazee wapo, majirani wapo, watoto wanaitwa waone ili nao wakumbuke. Sasa chukulia mtu anaamka usiku, anang'oa isale, analihamishia hatua tatu ndani ya kihamba cha mjane. Kulipokucha majirani watasema, kwa sababu wanakumbuka lilipokuwa. Lakini je, tukifika sisi asubuhi ileile na vipimo vya setilaiti, tukapima penye isale jipya, tukaandika kwenye blokicheni, tukaondoka na gari letu? Tutakuwa tumelimwagia zege isale lililohamishwa usiku. Na siku majirani wanaokumbuka watakapokufa, mjane yule hatakuwa na pa kushika.

Kwa hiyo swali langu kwa mradi wowote wa ardhi ni moja: siku ya kuandika ukurasa wa kwanza, nani alisimama shambani, na nani aliitwa kushuhudia?

#4 DadaWaPasua

Nimesoma yote. Huyo mama alifanikiwa au bado anazungushwa? Tupe mrejesho tafadhali kaka.

#5 KijanaWaTengeru

Wakuu, mimi ni mtu wa programu, acha niongeze nyama kidogo. Watu wengi wanaisifia blokicheni na kuiogopa bila kuijua ilivyo, na wauzaji wa mifumo wanalijua hilo.

Unachukua hati, unaipitisha kwenye fomula, inatoka chapa ya herufi na tarakimu 64. Ukigusa nukta moja ya hati ile, chapa inakuwa nyingine kabisa. Ukurasa wa leo unabeba ndani yake chapa ya ukurasa wa jana, na wa jana unabeba ya juzi. Mtu akitaka kubadilisha ya juzi, lazima abadilishe zote zilizofuata, na nakala ziko kwa watu wengi. Basi. Hakuna uchawi mle, na hakuna lazima ya sarafu za mtandaoni. Wazo la kufunga tarehe za hati kwa mnyororo liliandikwa na Stuart Haber na Scott Stornetta 1991, miaka mingi kabla ya Bitcoin. Kampuni yao ilianza kuchapisha chapa ya wiki kwenye gazeti la New York Times 1995, kwenye kona ya matangazo madogo. Gazeti likishauzwa nchi nzima, nani atazikusanya nakala zote akafute?

Hilo ninalipenda sana kwa ajili yetu, maana halihitaji fedha nyingi. Daftari la ardhi la kata lifungwe kila Ijumaa, chapa yake ya herufi 64 ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata, isomwe kanisani na msikitini kama zinavyosomwa ndoa, iingie gazetini. Ndugu yetu wa Muriet, wiki ile ukurasa ulipochanwa ungejulikana Jumatatu.

Kuhusu Estonia, kwa kuwa kila semina wanatajwa. Mfumo wao wa X-Road ulioanza 2001 si blokicheni. Ni barabara ya ofisi kupeana taarifa ili mwananchi asiulizwe jambo lilelile mara kumi. Hata sisi tunayo ya kwetu, GovESB, chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Teknolojia yao ya mnyororo inaitwa KSI, kazi yake ilipewa uzito baada ya mashambulizi ya kimtandao ya 2007, na tangu 2012 inalinda madaftari yao. Mle ndani hawaweki jina wala ugonjwa wa mtu. Wanaweka chapa tu. Kinachonigusa zaidi kule ni kidogo kuliko hivyo vyote: mwananchi anaingia kwenye ukurasa wake na kuona ni ofisi gani ilifungua taarifa zake, na lini. Kama kuna kitu cha kuiga kesho asubuhi, tuige hicho.

Na kwenye suala la r na l, mkuu FotokopiMoshi, hapo akili mnemba inaweza kuwa upande wa mama yako. Ni kazi inayowezekana kabisa: programu inafundishwa majina ya Kichaga, Kimeru, Kimasai na Kipare jinsi yanavyotamkwa na jinsi yanavyokosewa, halafu badala ya kuandika "taarifa hazioani" inamwambia afisa, "hawa wawili yaelekea ni mtu mmoja, tofauti ni herufi hii, hakiki." Afisa ndiye anayeamua. Lakini programu hiyo haiwezi kununuliwa ikiwa imeshaiva huko nje, kwa sababu huko hakuna anayejua kwamba mzee wa Machame na karani wa Mtwara wanalisikia jina moja kwa masikio mawili.

Ushahidi uko jirani yangu hapa. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela walizunguka mabanda ya kuku ya Arusha na Kilimanjaro kuanzia 2020, wakapiga picha za kinyesi, wakaifundisha mashine kutambua magonjwa ya kuku: kideri, salmonela na koksidiosisi. Mashine iliyofundishwa kwa kuku wetu inajua kuku wetu. Upande wa pili, 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kibiashara zinazotambua jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe kosa kubwa kabisa halikufika asilimia 1. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Nasema hivi kwa sababu nasikia watu wanapendekeza tuache vidole vilivyolika, tutumie uso. Kabla ya kusaini chochote, muuzaji aulizwe: mliipima kwa nyuso za nani?

#6 WakiliSakina

Mchango mzuri sana KijanaWaTengeru. Niseme la sheria, kisha la yaliyowapata wenzetu.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Inakupa haki ya kutaka taarifa zako zenye makosa zirekebishwe au zifutwe. Inakupa pia haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake: kama uamuzi unakugusa sana, wewe una haki ya kutaka usitegemee mashine tu. Wangapi hapa walikuwa wanajua? Sasa weka haki ya kurekebishiwa kando ya daftari ambalo sifa yake kuu ni kutorekebishika. Zinagongana. Njia ya kutoka ni hiyo aliyoieleza kijana: jina na taarifa za mtu zikae kwenye daftari la kawaida linalosahihishika, chapa tu ndizo ziingie kwenye mnyororo, na kila sahihisho nalo liache chapa yake. Mtu akija na mradi wa kuweka taarifa za watu zenyewe kwenye blokicheni, huo unapingana na sheria tangu siku ya kwanza.

Uholanzi ni nchi tajiri, yenye mahakama imara. Mamlaka yao ya kodi ilitumia mfumo wa kupima hatari kwenye posho za malezi ya watoto, na kutokuwa raia wa Uholanzi kukahesabiwa kama dalili ya hatari. Familia zaidi ya 20,000 zilituhumiwa udanganyifu, zikadaiwa fedha zisizolipika. Wengine walipoteza nyumba na ndoa. Januari 2021 serikali nzima ikajiuzulu. Australia nao walikuwa na mpango ambao watu waliuita Robodebt. Kompyuta ilichukua kipato cha mtu cha mwaka mzima, ikakigawa sawasawa kwa kila wiki mbili, kisha ikamwambia, wiki fulani ulikuwa na kipato na bado ukapokea msaada, lipa. Madeni kama 470,000 yalikuja kutenguliwa, na tume ya uchunguzi ikatoa ripoti yake Julai 2023. Aliyedaiwa ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba mashine imekosea. Hilo ndilo lililowaumiza zaidi.

Nisiwe mchawi wa kila kitu. Mahakama yetu, baada ya sheria kubadilishwa 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, imeanza kutumia mfumo wa akili mnemba wa kunukuu na kutafsiri mashauri. Jaji aliyekuwa akiandika ushahidi kwa mkono, neno kwa neno, shahidi akisubiri kalamu ifike, sasa anaweza kumtazama shahidi usoni. Na nukuu ikikosea, wakili anasimama kuisahihisha palepale. Mashine inasaidia, binadamu anasahihisha, na wote tuko chumba kimoja.

#7 KaraniMstaafu_Kibosho

Wanangu, nimesoma taratibu na miwani yangu.

Hilo la Australia nimelielewa bila mkalimani. Mkulima wa kahawa hupata fedha mara moja kwa msimu, malipo ya pili yakija ni bahati. Chukua fedha hiyo uigawe kwa miezi 12, utamwona ana kipato kila mwezi. Njoo kwake mwezi wa nne umkute hana hata ya chumvi. Kama mashine itakuja kupanga nani anastahili msaada wa kaya maskini au mkopo wa mtoto chuoni, ielezwe kwanza msimu ni kitu gani.

La pili. Nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi, chini ya KNCU, ushirika wetu wa wakulima wa kahawa uliosajiliwa 1933, baba yangu alikuwa mwanachama. Risiti ilikuwa na kaboni: nakala kwa mkulima, nakala chamani, nakala inakwenda Moshi. Mwenye kutaka kuiba kilo tano ilibidi aibe sehemu tatu. Sasa mnaponieleza huo mnyororo wenu naona ni kaboni iliyosoma shule. Naikubali. Lakini wizi niliouona kwa macho yangu haukuwa kwenye risiti. Ulikuwa kwenye mizani. Gunia linawekwa, mtu anagusa kwa goti chini ya meza, karani anaandika kilo pungufu, na risiti zote tatu zinakubaliana vizuri sana.

Huyo anayegusa mizani kwa goti, mashine zenu zitamwonaje?

#8 AfisaKata

Shikamoo mzee wa Kibosho.

Nimesita kuandika kwa sababu mimi niko upande wa pili wa dirisha, ila naona haki haitakamilika nisipoandika. Mnapomsikia mtumishi akisema "mfumo unakataa", msidhani kila mara ni jeuri. Mimi nikifungua taarifa za mtu naliona kosa kama anavyoliona FotokopiMoshi. Sina kitufe cha kurekebisha. Ninachoweza ni kuandika ombi kwenda juu na kusubiri, na mwananchi ananisubiri mimi. Mtu niliyesoma naye darasa moja, najua jina la baba yake na la babu yake, namwambia sikutambui. Mnadhani nalala vizuri?

Kwa hiyo kabla ya akili mnemba, tupeni madaraka ya kusahihisha makosa madogo ya herufi hapa hapa kata, mbele ya mashahidi wawili, na hapo ndipo leteni huo mnyororo: unifunge mimi. Kila nitakapogusa jina la mtu libaki jina langu, saa na sababu, nisiweze kulifuta. Nikipokea rushwa nikabadilisha jina la mrithi, nionekane. Niko tayari kabisa. Mzee, huyo wa goti ndivyo atakavyoanza kuogopa, akijua sahihi yake haifutiki.

Na msisahau siku zile za Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikasumbua nchi nzima. Watu walikaa nje ya ofisi mpaka jioni. Mfumo wowote mtakaoupanga uwe na njia ya karatasi siku mtandao ukifa. Mgonjwa na mfiwa hawasubiri nyaya.

#9 FotokopiMoshi

Shikamoo mzee wangu wa Kibosho. Swali lako la goti nimelala nalo siku mbili. AfisaKata, Mungu akubariki kwa kusimama hadharani. Nilipoanzisha uzi sikuwa nimewaza kwamba mnyororo uanzie kumfunga mtumishi anayesahihisha, mimi nilikuwa nauwaza kwenye hati tu. Umenibadilisha. Nimeongea na wenzangu wawili wenye steshenari, mmoja yuko Kiborloni: tumeanza kuandika kwenye daftari moja kila mteja aliyekataliwa kwa tofauti ya herufi, herufi ipi kwa ipi, kata gani, bila jina lake wala namba yake. Likijaa tutalipeleka. KijanaWaTengeru, kama programu yako inahitaji mahali pa kujifunzia, mahali ni hapo. Nitumie ujumbe wa faragha.

DadaWaPasua, uliuliza habari za mama.

Alikuja Jumanne. Alirudi kule ofisini mara ya tano, safari hii na katekista aliyebeba nakala ya daftari la ubatizo, na mwenyekiti wa kitongoji. Walimkuta binti mgeni dirishani, mdogo tu. Akazisoma karatasi zote akiwa amesimama, akapiga simu mbili, akajaza fomu ya masahihisho, akamwambia, "Bibi, itachukua wiki mbili, na isipofika unitafute mimi." Akageuza karatasi akaandika nyuma jina lake kamili na namba yake ya simu kwa kalamu ya bluu.

Mama akaniwekea karatasi ile mezani nimpigie fotokopi. Nikapiga upande wa mbele, wenye mhuri, nikamrudishia. Akaitazama, akaigeuza, akaniwekea tena mezani.

"Na huku nyuma, mwanangu. Huku ndiko penyewe. Nipigie mbili."